Wale vifaru 11 wa Tsavo Mashariki: tuliambiwa nini, na tuliambiwa lini

Kila KWS, shirika la serikali la wanyamapori, wakitangaza kuna kifaru anahamishwa, iwe ni ndani ya matatu ama kwa kinyozi, lazima mtu aseme "wasije wakawamaliza kama wale wa Tsavo". Miaka imepita tangu 2018, vifaru 11 walipokufa baada ya kuhamishiwa Tsavo Mashariki, na bado hilo neno liko mdomoni mwa watu. Mimi nimekaa na hiki kisa muda mrefu, manake hawa wanyama nawapenda, na pia kwa upande wa mama kwetu ni Taita, kwa hivyo Tsavo ni jirani. Na kadiri ninavyokirudia naona watu hawakukasirika kwa ajili ya vifo peke yake. Kifaru kufa akihamishwa inatokea, wanaofanya hiyo kazi wanajua. Kilichouma ni vile habari ilitufikia, ilikuja imechelewa, ikaja nusu nusu, na ilipokamilika wa kulaumiwa walikuwa wameshapatikana.

Wacha nianze mwanzo ndio tuelewane.

Miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi karibu 20,000. Majangili wakawafyeka mpaka mwisho wa miaka ya 80 hawakufika 400. Waliobaki ikabidi wakusanywe wawekwe ndani ya uzio na ulinzi wa mchana na usiku, kama pale Ngulia kule Tsavo Magharibi palipoanza 1986, na kama Nakuru, ndipo idadi ikaanza kupanda polepole sana. Kufika 2018 tulikuwa na karibu 750, na dunia nzima ilikuwa haina zaidi ya 5,500. Sasa mbuga ndogo ikifanikiwa inajaa. Dume la kifaru mweusi halitaki jirani, wakibanana wanapigana, wanaumizana hadi kufa, na majike kuzaa kunapungua. Mbuga ya Nairobi na ya Nakuru zilikuwa zimefika hapo. Kwa hivyo wazo la kuchukua vifaru 14, wanane wa Nairobi na sita wa Nakuru, wapelekwe hifadhi mpya yenye uzio ndani ya Tsavo Mashariki, halikuwa wazo baya na nalitetea hata leo. Ukitaka vifaru waongezeke lazima uwatafutie nafasi.

Tarehe 26 Juni 2018 waziri wa utalii na wanyamapori wa wakati huo, Najib Balala, akazindua zoezi pale mbuga ya Nairobi, na WWF, shirika la kimataifa la uhifadhi, walikuwemo kama washirika. Nakumbuka nikiangalia zile picha nikasikia raha ya kweli, kwa sababu ule mwaka ulikuwa umeanza na huzuni, Machi tulikuwa tumempoteza Sudan, yule kifaru dume wa mwisho wa jamii ya weupe wa kaskazini, kwa hivyo kuona vifaru wanapelekwa kuanzisha familia mpya ilikuwa kama kupata pumzi.

Halafu ikawa kimya. Vifaru 11 wakafikishwa Tsavo, na huku nje sisi hatukusikia wanaendeleaje, mpaka minong'ono ikaanza kuingia kwa vyombo vya habari, ndipo tarehe 13 Julai, siku ya Ijumaa, wizara ikatoa taarifa kwamba kati ya hao 11 wanane wamekufa na zoezi limesimamishwa. Wanane! Yaani taarifa rasmi ya kwanza ya msiba tuliyoipata haikuwa ya kifaru mmoja aliyezidiwa, ilikuwa ya makaburi manane kwa pamoja. Kutoka siku ya uzinduzi hadi hiyo Ijumaa ni siku 17. Baada ya hapo akafa wa tisa, akafa wa kumi, na yule wa 11 aliyebaki akashambuliwa na simba na mwishowe naye akaenda. Hakubaki hata mmoja.

Nataka tukae hapa kwa hizo siku 17 kwa sababu ndio moyo wa kisa chote. Kifaru akifika mahali pageni anaangaliwa, kuna renja wanaomfuata, kuna daktari, kuna rejista inaandikwa amekula ama hajala, amekunywa ama hajanywa, kinyesi chake kikoje. Wa kwanza alipodondoka kuna watu walijua siku hiyo hiyo. Wa pili alipodondoka walijua zaidi. Swali langu si kwamba hao watu walikuwa wabaya, swali ni kwamba ile habari iliishia wapi. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni yule renja aliyesimama kwa jua la Tsavo anaona mnyama hasogei. Neno lake lilikuwa na safari ndefu ya kupanda ofisi moja baada ya nyingine, na kila ofisi iko na sababu ya kusema "hebu tungoje kidogo tuone kesho". Waziri ameshazindua, picha zimeshatoka, wafadhili wameshatajwa, nani anataka kuwa wa kwanza kupiga simu aseme wamekufa wawili?

Paula Kahumbu wa WildlifeDirect, shirika la kulinda wanyamapori, alilisema hili wakati ule ule bila kuzunguka, kwamba vifaru wakifa inafaa kusemwa waziwazi pale inapotokea, sio wiki moja baadaye, sio mwezi mmoja baadaye. Hakuwa anaomba kitu kikubwa.

Sasa kuhusu maji. Maelezo ya kwanza ya wizara yalikuwa kwamba maji ya kule yana chumvi nyingi, vifaru waliyanywa, yakawakausha mwili, wakasikia kiu zaidi, wakanywa zaidi. Kitaalamu inaeleweka. Chumvi ikizidi mwilini inavuta maji kutoka kwenye viungo, figo zinahitaji maji mengine masafi kuisukuma nje, na kama maji pekee yaliyopo ni yale yale ya chumvi basi kila anavyokunywa anajizamisha. Mnyama wa porini aliyezaliwa hapo anajua vidimbwi vyake, akiona maji haya si mazuri anatembea. Huyu ametolewa Nairobi ama Nakuru alikozoea maji yasiyo na chumvi, amedungwa dawa ya usingizi, amesafirishwa kwa lori, ameshushwa kwa nyika asiyoijua, majani ya huko hayajui, na kuna uzio. Aende wapi?

Lakini jamani, chumvi ya maji ya visima vya huko si kitu cha kugunduliwa na maabara baada ya msiba. Muulize mtu yeyote wa Voi ama Maungu. Kwa shangazi yangu ukichota maji ya kisima cha kuchimbwa ukapika chai nayo, maziwa yanakatika, ndio maana kuna maji ya kunywa na kuna maji ya kufulia na hata mtoto mdogo anajua mtungi gani ni wa nini. Mimi nilipokuwa nikienda huko likizo jambo la kwanza nililofundishwa lilikuwa hilo. Kwa hivyo taarifa iliposema chumvi, ilisema ukweli, lakini ilisema kana kwamba chumvi ilikuja usiku. Kwa mtu wa Nairobi ilisikika kama bahati mbaya ya asili. Kwa mtu wa Taita ilisikika kama mtu anayekwambia nyumba yangu imeingia maji na hajakwambia aliijenga mtoni.

Na hii ndio aina ya kutokuwa mkweli ambayo naiogopa kuliko uongo wa moja kwa moja. Kila neno ni kweli na bado picha unayobaki nayo siyo.

Kulikuwa pia na zile hesabu. Wizara ilieleza kwamba kati ya 2005 na 2017 Kenya ilihamisha vifaru 149 na waliokufa ni wanane. Hiyo ni rekodi nzuri sana! Ni kama watano kwa kila mia. Watu waliofanya hiyo kazi kwa hiyo miaka yote wanastahili heshima. Sasa wengi wetu hii hesabu tuliisikia lini? Tuliisikia maiti zikiwa chini. Hesabu ile ile ingetolewa mapema, wiki ya uzinduzi, mtu akasimama akasema ndugu zangu, tunahamisha 14, hii kazi ina hatari, kwa uzoefu wetu huenda tukapoteza mmoja, tukimpoteza tutawaambia siku hiyo hiyo na tutawaambia kwa nini, basi huyo wa kwanza akifa mimi ningeumia lakini ningekuwa upande wao. Hesabu ikitolewa kabla inakuandaa, ikitolewa baada ya msiba inasikika kama kujitetea, hata kama kila tarakimu ni sahihi. Na tarakimu zenyewe zilikuwa zinawahukumu, manake wanane wa miaka 12 walifikiwa kwa wiki mbili tatu. Mwaka wa 2017 mzima majangili waliua vifaru tisa Kenya. Sisi wenyewe, kwa mikono yetu, na nia nzuri, tukawapita.

Hapa ndipo nataka kumrudia Sudan, kwa sababu watu hawaviweki hivi visa viwili pamoja na vilitokea mwaka mmoja, nchi moja. Sudan alikuwa na miaka 45, anaishi hifadhi ya Ol Pejeta kule Laikipia. Mguu wake wa nyuma wa kulia ulipopata maambukizi hawakungoja afe ndio waseme, walitangaza kabla kwamba hali si nzuri, kidonda hiki hapa, madaktari wanamwangalia. Tarehe 19 Machi ilipofika hawezi tena kusimama, madaktari wa Ol Pejeta, wa ile zuu ya Dvůr Králové alikotoka, na wa KWS wenyewe, wakaamua kumpumzisha, na kesho yake dunia nzima ikaambiwa. Watu walilia, lakini sijasikia hata mtu mmoja akisema walimficha. Na ona hapo, KWS walikuwa ndani ya hiyo timu. Kwa hivyo usiniambie wahusika hawajui namna ya kusema ukweli mapema. Wanajua. Tofauti ni kwamba kifo cha Sudan kilikuwa uzee na hakikuwa na mtu wa kuulizwa, na vifo vya Tsavo vilikuwa na wa kuulizwa.

Tarehe 26 Julai waziri akazungumza na waandishi tena, mwezi mmoja kamili tangu uzinduzi. Uchunguzi wa awali, ulioongozwa na Dkt. Peter Gathumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ukataja sumu ya chumvi, msongo wa mabadiliko mengi kwa mpigo, njaa, vidonda vya tumbo, na bakteria waliopata nafasi mwili ulipokuwa dhaifu. Waziri akasema kulikuwa na uzembe, na maafisa sita wa KWS wakasimamishwa kazi. Yeye mwenyewe akakaa pale alipokuwa.

Soma hiyo orodha tena polepole. Njaa iko ndani. Taarifa ya kwanza ilisimamia maji, ya pili ikaongeza njaa na msongo na uzembe. Mtu anayefuatilia anajiuliza, kwani ile ya kwanza ilikuwa nusu kwa sababu hawakuwa wamejua bado, ama kwa sababu nusu ilitosha? Inawezekana kabisa hawakuwa wamejua, upasuaji wa maiti na vipimo vya maabara vinachukua muda, hilo nalikubali bila shida. Lakini basi sema hivyo! Sema "tunachojua leo ni hiki, ambacho hatujajua ni hiki, tutarudi tarehe fulani". Ukisema kwa uhakika leo halafu kesho uongeze, wanaokusikiliza hawaoni uchunguzi ukisonga mbele, wanaona mtu anabadilisha maneno.

Na kuna suala la bodi, ambalo kwangu ndilo zito. Iliripotiwa kwamba bodi ya KWS ya awali, iliyokuwa chini ya Richard Leakey, haikuwa imekubali vifaru wapelekwe huko, hofu yao ikiwa malisho hayatoshi. Marehemu Leakey hakuwa mtu wa kuogopa kusema hapana kwa mkubwa. Bodi ikatoka, na ndani ya muda mfupi zoezi likaenda. Sasa rudi kwenye ile orodha ya Julai, neno njaa. Mwananchi yeyote akiyaweka hayo mawili pamoja hahitaji digrii. Kwamba kulikuwa na shaka ndani ya nyumba si aibu, bodi nzuri inabishana, ndio kazi yake. Shida ni kwamba shaka ilikaa kwa mafaili na furaha ikatoka kwa kamera. Tungejua kuna wataalamu wanasema ngoja, pengine mtu wa chuo kikuu ama mzee wa Sagalla angeuliza maji yamepimwa na nani na lini, na hilo swali lingegharimu wiki chache tu.

Tukija kwa wale sita, sina la kuwatetea kwa sababu sijakaa nao. Ila ukimsimamisha mtu wa chini kwa jambo lililoamuliwa juu, kila renja nchini anajifunza somo, na somo lenyewe ni kwamba habari mbaya ina mwenyewe, na mwenyewe ni yule aliyeibeba. Mara nyingine akiona mnyama hataki kula, atangoja kidogo zaidi kabla ya kuandika.

Kimya kikiachwa, watu wanakijaza wenyewe. Pembe 22 ziko wapi, hilo lilikuwa swali la kwanza kila mahali, na ni swali la haki kabisa kwa nchi ambayo mwaka wa 2016 ilichoma tani 105 za pembe za ndovu na zaidi ya tani moja ya pembe za vifaru hadharani ili dunia iamini hatufanyi hiyo biashara. Wengine wakasema walihamishwa kwa sababu ya reli, manake wakati huo SGR ilikuwa inapitishwa katikati ya mbuga ya Nairobi na watu walikuwa bado na uchungu nayo. Mimi sikuona ushahidi wa hayo. Lakini mtu aliyeambiwa nusu ana haki ya kukisia nusu nyingine, na hiyo nusu atakayoikisia haiwezi kuwa nzuri.

Unaweza kusema sawa, watu wamekasirika, wakasahau, basi. Hapana. Shughuli ya kulinda wanyama Kenya inasimama kwa watu ambao hawalipwi na mtu. Mfugaji wa Kasigau anayeona pikipiki ngeni na watu watatu usiku, pengine majangili, ndiye anapiga simu. Huyu mfugaji sheria ya 2013 ilimwahidi fidia, ndovu akiua mtu wake ni shilingi milioni tano, na kuna familia zimejaza fomu zikangoja mwaka baada ya mwaka huku deni la fidia likifika mabilioni. Anavumilia. Sasa anasikia kwamba wale wanaomwambia kifaru ni mali yetu sote wamepoteza 11 na hakuambiwa mpaka walipofika wanane. Hiyo "yetu sote" inageuka "yao", na siku ya pikipiki ngeni analala.

Katiba yetu kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na cha 69 kinataka wananchi washirikishwe katika kutunza mazingira, na tangu 2016 kuna sheria kamili ya kupata habari. Kwa hivyo kutuambia haikuwa hisani, tena haikuwa na gharama yoyote. Karatasi moja ya vipimo vya maji kubandikwa pale lango la Voi. Ripoti fupi kila siku tatu, kifaru namba moja amekula, namba nne hajala, daktari ameitwa. Jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema simamisha, hata kama waziri yuko njiani anakuja. Na vifaru wawili kwanza, sio 11 kwa mkupuo, wawili wakae msimu mmoja tuone.

Januari 2024 KWS wakajaribu tena jambo kubwa, vifaru weusi 21 kutoka mbuga ya Nairobi, Ol Pejeta na Lewa, kwenda hifadhi ya Loisaba huko Laikipia ambako kifaru wa mwisho alionekana kama miaka 50 nyuma. Waandishi wakaalikwa mbuga ya Nairobi kuona siku ya kwanza. Helikopta ikapanda, sindano ikarushwa, na mambo yakaenda mrama pale pale mbele ya kila mtu, yule kifaru hakulala vile ilivyotakiwa, akakimbia akaishia kwa kijito, na renja na madaktari wakaingia kumshika kwa kamba asizame huku dawa ya kumzindua ikifanya kazi. Ilikuwa rahisi sana kumlazimisha, lori liko tayari, wageni wapo, ratiba ipo. Hawakumlazimisha. Walimwachilia, habari ikatoka siku hiyo hiyo na aibu yake yote, na kifaru akarudi zake kichakani. Wale 21 walihamishwa kwa siku 18 zilizofuata, na mimi nilikuwa naisoma kila taarifa mpya nikitafuta neno maji.